Mvua ya Nairobi, Maji ya Sabaki: Uchambuzi wa Safari Moja ya Uvuvi Wakati wa Kipupwe

Usuli

Wavuvi wanne wa ndoana, wote wakazi wa Nairobi, walipanga kuvua siku 3 kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, mwanzoni mwa Juni. Majina, tarehe kamili na chochote kinachoweza kuwatambulisha wao au nahodha wao tumekiondoa. Mto tumeuacha na jina lake kwa sababu kisa hiki chote kimo ndani ya mto huo.

Wawili kati yao walikuwa wameshavua hapo Februari. Wakati huo ulikuwa wa kaskazi, mto umekauka ukabaki mkondo mwembamba, maji ya chumvi yakipanda vizuri kila yalipojaa, na kolekole wadogo walipatikana asubuhi bila taabu. Kwenye daftari lao waliandika: maji mafu, chubwi gramu 60, chambo kamba, asubuhi. Maneno hayo machache ndiyo yaliyobeba mpango mzima wa Juni.

Walichagua maji mafu kwa sababu inayoeleweka. Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3 na nusu, na mkondo kwenye mlango wa mto hukimbia. Siku za maji mafu tofauti huwa kama mita 1, mkondo hulegea, na chubwi nyepesi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, hukaa chini bila kuburutwa. Mto ukiwa mdogo, hesabu hiyo ni sahihi kabisa.

Kiongozi wa msafara alichukua jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, ambalo kwa Malindi hutofautiana kwa dakika chache tu. Ijumaa maji yangejaa saa 3 na dakika 20 asubuhi, mita 2.6, na kupwa saa 9 na robo alasiri, mita 1.5. Leseni za uvuvi wa burudani zilikuwa tayari, na walimpigia mapema mzee mmoja mwenye mashua aliyewapeleka Februari.

Mto wenyewe

Sabaki ni jina la mwisho la mto ambao watu wa Nairobi huuvuka kila siku bila kuutaja. Mto Nairobi, ukishakusanya Mathare na Ngong, huingia Mto Athi karibu na Ol Donyo Sabuk. Athi hupita nchi ya Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, hupenya maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki, kisha huitwa Sabaki hadi baharini. Urefu wake wote ni kama kilomita 390.

Kwa hiyo mvua iliyonyesha Nairobi, Machakos au Makueni ni mvua ya Sabaki, ila inachelewa. Maji yakisafiri mita 1 kwa sekunde, kilomita 390 ni sekunde 390,000, yaani siku 4 na nusu. Mto ukifurika husafiri haraka kidogo kuliko hapo, na palipo na mabonde mapana hupunguza mwendo. Hesabu ya siku 4 hadi 5 inatosha kupanga safari. Mvua ya Makueni au Tsavo hufika kabla ya hapo, kwa kuwa njia yake ni fupi.

Maji hayo huja na udongo mwekundu mwingi mno. Yakifika baharini hayachanganyiki papo hapo. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu na kutandazwa kama mkeka, huku maji ya bahari yakijipenyeza chini yake kama kabari yanapojaa. Anayesimama ufuoni huona rangi ya chai ya maziwa kila upande na kudhani pote ni sawa, kumbe chini ya mita moja au mbili huenda kuna maji mengine, ya chumvi na safi zaidi, na samaki wa baharini wamo humo.

Jambo la pili ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi husukuma maji ya pwani kwenda kaskazini, na maji mekundu ya Sabaki hupinda kuelekea Mambrui. Wakati wa kaskazi hupinda kusini, na ndipo ghuba ya Malindi hugeuka rangi. Nusu ya kisa hiki inategemea jambo hilo.

Mambo yalivyokwenda

Jumapili usiku, siku 5 kabla ya kuanza kuvua, Nairobi ilinyeshewa mvua kubwa kuanzia saa 4 hadi alfajiri. Jumatatu asubuhi barabara kadhaa hazikupitika. Kwenye mawasiliano yao mvua hiyo imetajwa mara tatu, na mara zote kwa sababu ya foleni: mmoja alishindwa kufika mjini kununua mshipi, mwingine alichelewa kazini. Hakuna hata mmoja aliyeihusisha na safari. Kila siku waliangalia hali ya hewa ya Malindi, wakaona jua na mawingu kidogo, wakaridhika.

Alhamisi walisafiri kwa gari, kama kilomita 600 kupitia Mombasa. Walifika usiku, hawakuona mto.

Ijumaa saa 12 na nusu asubuhi walisimama darajani. Maji yalikuwa mekundu mazito, majani na vijiti vikipita katikati. Mvuvi wa pili alikuwa na kifuniko cheupe cha ndoo kilichotobolewa katikati na kufungwa kwenye kamba yenye alama kila sentimita 10, kifaa kizuri cha kupimia uwazi wa maji kisichogharimu kitu. Alikishusha kutoka ukingoni. Kilipotea kabla ya alama ya kwanza, kwenye sentimita 4 hivi. Februari kilionekana hadi sentimita 40.

Waliamua kuendelea. Walichosema ni kwamba maji yanapojaa bahari itausukuma mto nyuma na rangi itapungua. Waliingia mashuani saa 1 na nusu na kushuka hadi mlangoni, ndani ya fungu la mchanga, wakatia nanga kwenye kina cha mita 3.

Chubwi za gramu 60 hazikukaa. Ziliburutwa hadi mshipi ukalala sambamba na mashua. Waliongeza hadi gramu 100, zikatulia dakika moja moja kisha zikaondoka, kwa sababu majani yaliyojikusanya kwenye mshipi yaliushika kama tanga. Saa 3 na dakika 20 ilipita. Kijana wa kundi aliuliza:

“Mzee, jedwali linasema maji yamejaa sasa hivi. Mbona bado yanatoka?”

“Bahari imejaa, mwanangu. Mto haujasikia bado.”

Maji yalikuja kulegea saa 4 na robo, karibu saa nzima baadaye, na kulegea kwenyewe kulidumu kama dakika 25 bila kusimama kabisa. Kisha yakaanza kutoka kwa nguvu zaidi. Katika muda huo mfupi walipata hongwe mmoja wa nusu kilo. Ndiye samaki pekee wa siku.

Kabla ya saa 6 kiongozi aliomba wavuke fungu watoke nje, ambako maji yalionekana mepesi. Nahodha alikataa. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma kutoka baharini na maji ya mto yalikuwa yakitoka kwa kasi, na vikikutana juu ya fungu mawimbi husimama wima na kuvunjika hovyo. “Hapo mashua haigeuki. Sivuki.” Aliwarudisha nchi kavu. Walimlipa siku nzima, na walifanya vyema: nahodha hulipwa pia kwa kukataa.

Alasiri walikwenda kwa miguu hadi kwenye fungu upande wa kusini wa mlango. Kati ya fungu na ufuo kulikuwa na mfereji wa maji ya kifundo cha mguu. Waliweka kijiti chenye alama ukingoni saa 9 na robo, maji yakiwa yamepwa kabisa, wakaanza kutupa. Hapa kanuni ya kumi na mbili ilikuwa kichwani mwa kiongozi: maji yakianza kujaa, saa ya kwanza huongezeka sehemu 1 kati ya 12 ya tofauti yote, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 1.1, hadi saa 11 jioni maji yangepanda kama sentimita 23. Mfereji ungefika chini ya goti.

Saa 11 kijiti kilionyesha sentimita 55. Kijana ndiye aliyekitazama. Mfereji nyuma yao ulikuwa umefika nusu ya paja, na maji yakivuta kuelekea baharini. Waliacha chambo na kiti kimoja, wakashikana mikono, wakavuka kwa kukabili mkondo kimshazari. Hakuna aliyeumia. Wangeongeza nusu saa, mambo yangekuwa mengine. Isitoshe, mlango wa Sabaki una viboko, na jua likizama hutoka majini kwenda kula majani ufuoni, njia ile ile ambayo wavuvi wangetumia kurudi.

Sentimita 32 za ziada zilikuwa za mto. Mvua ya Jumapili usiku ilikuwa imefika.

Uamuzi wa Ijumaa usiku

Hadi hapo kundi lilikuwa limepoteza chubwi 11 na siku moja. Njia zilizokuwa mezani ni tatu.

Ya kwanza, kurudi Nairobi. Walioitetea walisema mto hautapungua ndani ya siku 2, na hilo lilikuwa kweli.

Ya pili, kuhamia hori ya Mida, karibu kilomita 25 kusini. Hori hiyo haiingiwi na mto mkubwa, hivyo mafuriko ya bara hayaifikii na maji yake hubaki ya chumvi. Lakini imo ndani ya hifadhi ya Watamu, na hawakuwa na muda wa kuuliza usiku huo nini kinaruhusiwa na wapi. Waliiacha. Kutojua kanuni za hifadhi ni sababu tosha ya kutoingia humo na ndoana.

Ya tatu ilitoka kwa nahodha kwa simu. Aliwaambia waache mlango kabisa, waende ufuo wa kusini, mwendo wa kilomita moja na nusu kutoka mlangoni, asubuhi kabla kusi haijachachamaa, watafute mahali maji mekundu yanapokutana na ya kijani. Kusini, kwa sababu kusi inapeleka tope kaskazini. Asubuhi, kwa sababu maji yakijaa huusukuma ule mkeka mwekundu urudi mdomoni, na mpaka wake husogea karibu na ufuo.

Walichukua ya tatu na kubadili vifaa usiku huo huo. Chubwi sasa ikawa gramu 150 yenye miguu ya waya, ile inayojichimbia mchangani na kukunjuka ukivuta kwa nguvu. Mfumo wake ni rahisi: mshipi mkuu wa milimita 0.40 hupitishwa kwenye tundu la chubwi ili iteleze, kisha ushanga wa plastiki wa kulinda fundo, kisha pete ya kuzungukia inayozuia mshipi kujisokota, kisha kipande cha mshipi mnene wa milimita 0.70 na ndoana namba 4/0. Kipande hicho kilikuwa sentimita 60; walikifupisha hadi 30, kwa kuwa kirefu kwenye mkondo huzunguka na kujifunga kwenye chubwi. Chambo kikabadilika kutoka kamba laini, ambao husambaratika, kuwa ngisi na vipande vya mkizi vyenye ngozi.

Jumamosi na Jumapili

Saa 1 asubuhi mshono ulionekana wazi: mstari wa povu, majani makavu na chupa za plastiki uliopinda kutoka mlangoni. Upande mmoja maji yalikuwa ya matofali, upande wa pili ya kijani chafu. Kifuniko cheupe kwenye upande wa kijani kilionekana hadi sentimita 60. Mshono ulikuwa umbali wa mita 80 kutoka ufuoni, nje ya uwezo wao wa kutupa. Walikaa. Saa 3 ulikuwa mita 50.

Walitupa mita chache ndani ya kijani ili chambo kilale chini ya ukingo wa maji mekundu. Fimbo ziliegemezwa wima kwenye vishikio ili mshipi mwingi ukae hewani na kuepuka majani. Chambo kilibadilishwa kila dakika 15 hadi 20 hata kama hakikuguswa, kwa sababu kwenye maji machafu samaki hutafuta kwa harufu, na kipande kilichooshwa hakina harufu.

Kati ya saa 3 na nusu na saa 6 walipata hongwe 5 na kolekole 2, mkubwa wao kilo 1 na gramu 800. Baada ya saa 6 kusi ilivuma, mshono ukasambaratika, samaki wakakoma.

Hongwe wa tatu alimchoma kijana kidole gumba. Samaki huyu ana miiba mitatu yenye meno na sumu, mmoja mgongoni na mmoja kila pezi la ubavu. Kijana alimshika kwa juu kama anavyoshikwa sato. Mvuvi wa pili alimimina maji ya moto kutoka chupa ya chai kwenye sufuria, akaongeza ya baridi, akajaribu joto kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mkono uliochomwa umekufa ganzi kwa maumivu na unaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Kidole kilikaa humo dakika 40, maji yakiongezwa moto kila yalipopoa. Joto hupunguza nguvu ya sumu, na maumivu yalishuka. Mchana alipelekwa zahanati, akasafishwa jeraha na kudungwa sindano ya pepopunda. Kwa jeraha lililogusa maji ya mafuriko, zahanati si hiari: mto huo umebeba majitaka ya miji tangu Nairobi.

Jumamosi hiyo hiyo, wakati wenzake watatu wakiwa ufuoni na kijana hajachomwa bado, kiongozi aliingia mashuani na nahodha kupima chumvi ndani ya mlango. Nyumbani Nairobi anafuga samaki wa mapambo, hivyo ana refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Chupa ya nusu lita ilifungwa chubwi ya gramu 200 chini, ikazibwa kwa kizibo cha mpira chenye kamba yake. Ukiishusha hadi chini ukavuta kamba ya kizibo, chupa hujaa maji ya chini pekee. Ukiipandisha haraka hayachanganyiki sana. Maji yalipolegea mlangoni, juu palikuwa na chumvi gramu 2 kwa kilo ya maji, na chini, mita 3, gramu 19. Bahari yenyewe ina kama 35. Walipopanda mto kilomita 1 na kurudia, chini palikuwa 0. Kabari ya chumvi ilikuwa fupi kuliko kilomita moja.

Jumapili walirudi pale pale. Mshono haukukaribia chini ya mita 90. Walipata hongwe wawili, wakafunga.

Matokeo

Samaki 10 kwa siku 3 na watu 4. Chubwi 14 zilizopotea, 11 kati ya hizo siku ya kwanza. Kiti kimoja kilichochukuliwa na maji. Jeraha moja lililopona ndani ya siku 9. Samaki walihifadhiwa kwa barafu, kilo moja kwa kilo moja, na walioshwa kwa maji ya mfereji wa mjini, si ya mto.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilitendeka Nairobi, Jumapili usiku, na lilikuwa la kutotazama. Watu hawa wanaishi kwenye chanzo cha mto waliotaka kuuvua. Walisikia mvua ikigonga mabati yao wenyewe, siku 5 kabla, muda karibu sawa na ule maji yanaohitaji kusafiri. Mvuvi wa Malindi angelazimika kupiga simu ili ajue walichokijua wao kitandani. Walipoangalia utabiri wa Malindi walikuwa wanajibu swali la kama watalowa, si swali la mto utakuwaje.

Kuchagua maji mafu lilikuwa kosa la pili, na lilitokana na la kwanza. Mto ukiwa mdogo, bahari ndiyo inayoamua, na maji mafu hutuliza kila kitu. Mto ukifurika, mkondo mkubwa hautoki baharini bali bara, na maji mafu hayana nguvu ya kuuzuia. Gramu 19 mlangoni na 0 kilomita moja juu ndio ushahidi. Bamvua ya wiki iliyofuata ingeingiza chumvi mbali zaidi na kuleta dirisha refu zaidi la maji kulegea. Lakini tusiipambe: bamvua hiyo hiyo ingefanya maji yanapotoka, pamoja na mafuriko na kusi, kuwa hatari kwa mashua yoyote ndogo pale kwenye fungu, na mfereji wa nyuma ya fungu ungejaa kwa kasi mara tatu. Bamvua baada ya mvua kubwa ni ya kuvulia ufuoni tu.

Kuhusu baridi, mvuvi mmoja alikuwa amekuja na mawaidha ya Ulaya: kipupwe samaki hupoa, tumia chambo kidogo, subiri zaidi. Ushauri huo ni wa mito ambayo majira ya baridi maji yake hukaribia kuganda. Pwani yetu bahari hushuka kutoka kama nyuzi 29 za Selsiasi Machi hadi kama 25 Agosti, na samaki wanaendelea kula. Sweta inayovaliwa Nairobi mwezi Juni haina habari yoyote kuhusu hongwe wa Sabaki. Kipupwe cha mvuvi wa pwani ni kusi: upepo wake, mawimbi yake, na upande unaopeleka tope.

Jedwali la maji halikukosea. Linaeleza bahari. Kwenye mto uliofurika, maji hulegea baadaye na kwa muda mfupi kuliko jedwali, na kiasi cha kuchelewa hupatikana kwa kutazama tu. Ijumaa kilikuwa karibu saa nzima. Kanuni ya kumi na mbili nayo ni ya bahari, na kuitumia kwenye fungu la mto uliojaa kulikaribia kugharimu watu. Kilichowaokoa ni kijiti kile, ambacho hakijali maji yametoka wapi. Hata hivyo kiliwekwa bila kukubaliana ni alama ipi ya kuondokea. Kijiti kisicho na alama ya kuondoka hutazamwa tu, na hapa kilitazamwa kwa bahati.

Kuhamia kwenye mshono kulifanya kazi, ila kundi lilirudi likisema ni ngisi na mkizi waliowapa samaki. Hatuwezi kukubali wala kukataa. Walibadilisha mahali, chubwi, urefu wa kipande cha ndoana na chambo kwa usiku mmoja. Kama fimbo moja kati ya nne ingebaki na chambo cha kamba, leo tungekuwa na jibu. Tunachoweza kusema kwa uhakika zaidi ni kuhusu mahali: Jumapili, vifaa na chambo vikiwa vile vile lakini mshono uko mita 90, samaki walishuka kutoka 7 hadi 2.

Kukataa kwa nahodha kuvuka fungu ndio uamuzi bora wa safari yote, na ulifanyika kabla ya hatari kuonekana kwa macho ya wageni.

Yaliyobadilishwa

Daftari la kundi sasa lina safu ya mvua. Kuanzia siku 7 kabla ya safari, mmoja wao huandika kila asubuhi mvua ya usiku uliopita pale anapoishi, kwa milimita, akitumia kopo la bati lenye mdomo na kitako sawa lililowekwa mbali na paa, na hutazama taarifa za Idara ya Hali ya Hewa za Machakos na Makueni. Ikiwa kopo limezidi milimita 30 usiku mmoja ndani ya siku 6 kabla ya kuvua, nahodha hupigiwa simu na kuulizwa rangi ya maji darajani na kama magogo yanapita. Kiwango hicho cha milimita 30 ni chao wenyewe, na watakirekebisha kadiri safu inavyojaa.

Fungu haliendewi bila mtu mmoja anayebaki ufuoni na kijiti, na alama ya kuondoka hukatwa kwa kisu kabla ya mtu yeyote kuvuka: sentimita 15 juu ya maji yalivyo wakati huo. Koleo la kukatia miiba ya hongwe limefungwa kwenye kamba ya ndoo ya samaki, na chupa ya chai haishiki chai tena.